Nyoka hakohoi: niliyojifunza kwa chatu aliyeugua mapafu ndani ya nyumba yangu



Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja wa biolojia aliniandikia. Ameokota chatu mdogo, anamfuga ndani ya sanduku, na sasa, kwa maneno yake, "iko nafungua kinywa na kutoa povu." Akauliza kama anaweza kumtia matone ya pua, yale tunayowapa watoto. Nilimpigia simu palepale, sikungoja kuandika. Halafu nikasema hili jambo niliweke hapa, juu na miye nilipita njia hiyohiyo na nilikosea karibu kila hatua.

Najua kuna watakaosema: Bukavu hii, na shida zote tuko nazo, mtu anaandika juu ya gripi ya nyoka? Nawaomba mvumilie hadi mwisho. Kuna mtoto ndani ya habari hii.

Wengi mnajua nafundisha biolojia sekondari. Mwezi mmoja wa tano, dereva ninayemfahamu, anayeteremka Ngomo kila wiki kwenda Kamanyola na Uvira, alisimama kwenye mlango wangu na gunia. "Mwalimu, balikuwa banataka kuiua kule mu plaine. Nikawambia niko na mwalimu mu Bukavu anajua mambo ya nyama." Ndani mlikuwa chatu wa Afrika, bado mchanga, mita moja na nusu hivi. Hapa kwetu watu wanamwita boa, lakini boa wa kweli ni wa Amerika na Madagaska. Wetu ni chatu.

Nilipaswa kuwaita watu wa ICCN siku ileile. Chatu wa Afrika yuko kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, na nchi yetu ina sheria ya uhifadhi wa mazingira ya tarehe 11 Februari 2014. Sikuwaita. Nikajisemea: wiki mbili tatu tu, wanafunzi wamuone, kisha nitamtoa. Nikapigisha sanduku la mbao lenye kioo mbele, nikatandika vumbi la mbao kutoka kwa seremala, nikafunga balbu moja juu. Mama watoto alisimama mlangoni akasema, "Papa, miye siko naingia tena mu kile chumba." Na kweli hakuingia.

Tuanze na baridi, juu ndiyo mzizi wa habari yote. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Uvira, pale ziwa Tanganyika, iko chini ya mita 800. Sisi tunaoteremka ile barabara tunajua: unaondoka hapa na koti, ukifika Kamanyola umelivua. Mtu anavua koti basi. Nyoka hana la kuvua wala la kuvaa. Mwili wake hautengenezi joto kama wetu, analichukua kutoka jua, jiwe na hewa. Kinga yake pia inategemea joto hilo. Chatu anataka upande wenye joto wa digrii 30 hadi 32, upande wa baridi kidogo wa 25 hadi 27, na usiku asishuke sana chini ya 24. Akibaki kwenye digrii 18 usiku baada ya usiku, tumbo linachelewa kusaga chakula, na askari wa mwili wake wanalala. Bakteria waliokuwa kinywani mwake siku zote bila kumdhuru wanapata nafasi ya kushuka kwenye mapafu.

Mwezi wa sita ulifika na kiangazi chake, usiku ukawa wa baridi, umeme ukawa unakatika saa mbili za usiku na kurudi asubuhi. Balbu yangu ilikuwa inawaka mchana, wakati hata haihitajiki sana. Chatu akakataa panya. Nikasema labda anataka kujivua gamba. Wiki ya pili akakataa tena. Sikuwa na termometa ndani ya lile sanduku. Mwalimu wa biolojia, hana termometa!

Ili asipate baridi, nikafanya kile kila mtu wa hapa angefanya: nikawasha mbabula ya makala, nikaiweka ndani ya chumba usiku, nikafunga dirisha na mlango.

Mwezi wa saba mwanzoni, mtoto wangu wa kike, wakati ule alikuwa na miaka saba, akaniambia asubuhi moja: "Papa, ile nyoka yako iko napiga filimbi." Analala chumba cha pembeni, ukuta ni wa mbao tu, ndiyo maana alimsikia kabla yangu. Nikamjibu kwamba nyoka hulia hivyo akikasirika. Nilikuwa nimekosea, na hapa ndipo somo linapoanza.

Nyoka hana diaframu, ule msuli chini ya mbavu unaotusaidia kuvuta na kusukuma hewa. Yeye anapumua kwa misuli ya katikati ya mbavu zake. Bila diaframu hawezi kukohoa kama sisi. Mtu akipata makohozi anayatupa nje; kwa nyoka yanabaki, yanajaa, yanakuwa mazito kama jibini. Tena pafu lake ni refu, limelala kama mfuko ndani ya mwili: sehemu ya mbele ndiyo inabadilisha hewa, ya nyuma ni kama puto tu. Nyoka wengi wana pafu moja la kazi, la kulia. La kushoto ni dogo sana au halipo. Chatu ana yote mawili, lakini la kushoto ni fupi. Uchafu ukishuka huko nyuma, kuutoa ni kazi. Kwa sababu hiyo ugonjwa ambao kwa mbwa ungekuwa kikohozi cha wiki moja, kwa nyoka unaweza kuwa kifo.

Sasa, utajuaje? Nawapa dalili kama Docta alivyonipa baadaye, kuanzia zile za mapema.

Kwanza, anakataa kula na anakuwa mzito, hatoi ulimi mara kwa mara kama kawaida. Peke yake dalili hii haisemi mengi, lakini iandike kwenye daftari na tarehe yake.

Pili, sauti. Nyoka mzima akipumzika humsikii kabisa. Kufoka kwa hasira kunakuja ukimkaribia na kunaisha ukiondoka. Sauti ya ugonjwa iko hata kama hakuna mtu chumbani: filimbi ndogo, mkoromo, au kitu kinachopasuka taratibu kama mapovu ya sabuni. Mtoto wangu aliisikia usiku, wakati hakuna aliyemsumbua nyoka. Ningefikiri kidogo, ningeelewa.

Tatu, mate mazito au povu puani na pembeni ya kinywa. Tazama kioo asubuhi: akiwa ameacha alama za ute pale alipoegemeza pua, ujue tayari.

Nne, anainua kichwa na shingo juu, anakaa hivyo muda mrefu, maana akilala chini ute unamziba.

Tano, anapumua kinywa wazi, na koo linavimba. Hapa si jambo la kusema tutaona kesho. Ni dharura.

Kuna mambo matatu yanayodanganya. Nyoka anayekaribia kujivua gamba anaweza kupiga filimbi kidogo kwa sababu ngozi kavu imeziba tundu la pua. Ngozi ikitoka, sauti inaisha. Nyoka aliyetoka kula anapiga mwayo mkubwa mara moja au mbili kurudisha taya mahali pake. Huo si ugonjwa. Na anapomeza mnyama mkubwa utaona kibomba kinatokeza chini ya ulimi: hilo ni tundu lake la kupumulia, analisogeza mbele ili asikose hewa. Usiogope, na usiliguse.

Turudi kwangu. Nilipoona povu, nikaenda farmasi, nikanunua amoksisilini ya vidonge, nikafungua na kumwaga unga kwenye bakuli lake la maji. Msinicheke sana. Docta hakucheka hata kidogo. Alikuja siku ya tatu, mzee mtaratibu ambaye kwa kawaida anatibu ng'ombe na mbwa, lakini ni msomaji. Hakumgusa nyoka kwanza. Aliweka termometa yake ndani ya sanduku, akaniambia niiangalie usiku saa kumi na moja kabla jua halijatoka, nimpigie simu. Ilisoma digrii 18.

"Mwalimu," akasema, "hata dawa nzuri, kwa mwili ya baridi hivi haitembei. Utamwekea dawa itabaki palepale."

Alinieleza mambo ambayo sikuyapata darasani. Dawa ya kinywa kwa nyoka mgonjwa haiaminiki, kwani hanywi kipimo na tumbo limesimama. Mara nyingi ni sindano, tena inachomwa kwenye theluthi ya mbele ya mwili, kwa sababu damu ya sehemu ya nyuma inaweza kupita kwenye figo kabla ya kuzunguka mwili. Bakteria wa mapafu ya nyoka mara nyingi ni wa jamii ya Pseudomonas, Aeromonas na Klebsiella, ambao amoksisilini inawashindwa mara nyingi. Zipo antibiotiki nyingine, kama seftazidimu, ambayo kwa nyoka inachomwa kila saa 72 na si kila siku, maana mwili wao unaiondoa polepole. Zipo pia zinazoharibu figo kama nyoka hana maji ya kutosha. Kwa hiyo kipimo kinatoka kwenye uzito kamili kwa gramu, na anayekipanga ni daktari wa mifugo. Penye maabara, anachukua ute kutoka bomba la hewa na kuupima ajue dawa gani inauua.

Alisema pia si kila ugonjwa wa mapafu ni bakteria. Kuna virusi: mwaka 2014 watafiti wa Marekani na Ulaya walieleza aina ya nidovirusi inayoshambulia mapafu ya chatu wanaofugwa. Virusi hiyo haina dawa. Unamtenga mgonjwa na kumsaidia tu. Ndiyo maana nyoka mpya hachanganywi na wengine kabla ya siku 90, na mikono inaoshwa kati ya sanduku moja na lingine. Utitiri wa nyoka, vile vidudu vyeusi vidogo chini ya magamba, nao wanamdhoofisha na wanaweza kubeba vijidudu kutoka mmoja hadi mwingine.

Na kuna minyoo. Hapa Kongo yupo mmoja anayeitwa Armillifer, anaishi ndani ya mapafu ya chatu na ya nyoka wa sumu wa jamii ya kifutu. Mayai yake yanatoka na mate na kinyesi. Mtu anaweza kuyameza kwa mikono michafu, kwa maji, au kwa nyama ya nyoka isiyoiva vizuri. Kwa hiyo ute unaoufuta puani mwa nyoka usiufute kwa kidole. Vaa glavu, osha mikono kwa sabuni. Salmonela nayo iko juu ya ngozi ya wanyama hawa hata wakiwa wazima, ndiyo maana watoto wa chini ya miaka mitano hawapaswi kuwashika.

Kisha Docta akaangalia pembeni, akaona majivu.

"Na ile mbabula uko nafanya nayo nini humu?"

Nikamweleza kuhusu baridi.

"Moshi inamuunguza mapafu ambayo tayari imeoza. Lakini acha nyoka. Pembeni hapa nani analala?"

Nikamwambia: mtoto.

"Asubuhi anaamkaka namna gani?"

Ndugu zangu, nilinyamaza. Wiki mbili nzima mtoto alikuwa anaamka na kichwa kinamuuma, siku mbili alitapika. Tulimpeleka kupima malaria, haikuonekana. Tulisema labda ni minyoo, labda hataki shule. Akienda shule, mchana kichwa kinapona. Jumapili akishinda nje, anacheza kama kawaida. Ni asubuhi tu.

Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni, na inashikamana pale kwa nguvu kuliko oksijeni yenyewe. Makala yakiwa mekundu bila moshi, tunasema yamekuwa safi, kumbe hewa hii bado inatoka. Nilifundisha hayo darasa la tano ya sekondari. Nilichora molekuli kwenye ubao. Na usiku nilikuwa naweka mbabula mita mbili kutoka kitanda cha mtoto wangu, ukuta wa mbao katikati, kwa ajili ya nyoka ambaye hata sikutakiwa kuwa naye.

Mbabula ilitoka siku hiyo. Kichwa cha mtoto hakikuuma tena.

Chatu hakupona. Docta alimchoma sindano ya kwanza, tukapandisha joto kwa njia nitakayoeleza, lakini siku ya nne asubuhi nilimkuta kinywa wazi, ameegemea kioo. Docta alimfungua mbele yangu. Pafu la kulia lilikuwa limejaa usaha mzito hadi nyuma. Akaniambia huu si ugonjwa wa siku nne, ni wa wiki tano au sita. Jirani mmoja alikuja kuomba mafuta yake kwa ajili ya kuchua mgongo, mwingine ngozi. Nilikataa, tukamzika chini sana, kwa sababu ya ile habari ya Armillifer.

Basi, kama leo usiku uko na nyoka anayepumua vibaya, fanya hivi.

Mtoe kwenye baridi bila moto wa makala. Jaza maji ya moto kwenye chupa au bidoni ndogo, zifunge kwa kitambaa, zipange nje ya sanduku upande mmoja, kisha funika sanduku kwa blanketi, ukiacha nafasi ya hewa. Badilisha maji kila yakipoa. Polistireni ya maboksi ya samaki ikibandikwa pembeni za sanduku inashika joto vizuri sana. Mwenye betri na paneli ya jua afanye hesabu zake, lakini balbu iwe ndani ya wavu, nyoka anaweza kuizunguka na kuungua bila kukimbia.

Weka termometa mbili, upande wa joto na upande wa baridi. Soma jioni na alfajiri, andika.

Toa vumbi la mbao, linaingia puani. Tandika magazeti, badilisha kila siku. Chatu anapenda unyevu, lakini unyevu bila hewa kupita ni kuvu. Maji safi yawepo wakati wote.

Usimlazimishe kula. Usimshikeshike, usimwonyeshe kwa wageni. Usimpe matone ya pua ya watu, usimfukize majani, usimtie mafuta puani. Mpime uzito, mpigie daktari wa mifugo asubuhi ileile, umpe uzito, joto, tarehe aliyokula mwisho, na video ndogo ya sauti yake kwenye simu.

Na kama hujui ni nyoka gani, usimfungue kinywa. Milima hii yetu ina wenye sumu. Tuna bahati ya kuwa na watu waliosomea jambo hili karibu: kituo cha Lwiro, ambacho mwanzo wake ni IRSAC ya mwaka 1947, kina historia ndefu ya kuchunguza wanyama wa Kivu, na Chifundera Kusamba wa huko alichapisha mwaka 1990 utafiti juu ya nyoka wa Zaire na kuumwa kwao. Si aibu kuuliza. Aibu ni ile niliyokuwa nayo mbele ya lile termometa.

Yule mdogo wetu nilimtembelea Jumamosi. Sanduku lake lilisoma digrii 20. Tulipanga chupa za maji, Docta akaja na sindano, na safari hii ICCN wameitwa kabla ya kitu kingine. Jana ameniandikia kwamba povu imepunguka lakini nyoka hajala bado. Hatujui itakuwaje.

Nilipokuwa natoka kwake niliona mbabula kwenye korido, bado nyekundu, na wadogo zake watatu wakijiandaa kulala. Tuliibeba pamoja mpaka uani. Na weye, kabla hujazima simu, angalia yenu iko wapi.